Oili Chafu Kwenye Bwawa la Baba

Kaka yangu mkubwa ni mtu mwema, na nataka hilo lieleweke kabla sijaanza kumsema. Dawa za Baba anatuma bila kukumbushwa, kila Jumapili anapiga simu, na sijawahi kumwomba kitu akaninyima. Ubaya wake ni mmoja tu: akifika mahali hatulii mpaka arekebishe kitu ambacho hakuna aliyemwambia kimeharibika. Nyumbani tunamwita Mheshimiwa tangu utotoni, na mwenyewe anadhani tunamsifu.

Mimi ni fundi wa mafriji. Naishi na Baba, aliyeendesha malori maisha yake yote mpaka kiharusi kilipomwangusha akiwa ameshika funguo. Kiharusi kiliondoka na maneno yake yote, kikaondoka na mkono wa kulia. Mtaalamu wa viungo tuliyempa jina la Bwana Nyoosha, maana hilo ndilo neno analolijua, alimletea mipira ya kuminya na kamba za kuvuta. Baba akawa anamtazama kama mtu anayeuziwa gari bovu. Mkono umelala pajani, hausogei. Siku moja Bwana Nyoosha akaniita pembeni.

"Dada, mkono wenyewe hauna shida kubwa," akaniambia. "Shida ni kwamba mzee haoni sababu ya kuunyanyua. Mtafutie sababu."

Sababu niliipata bila kuitafuta. Kulikuwa na friza moja la kulala, lile la mfuniko wa juu, pale uani, lililokufa kufa kweli. Mota nilishaichomoa, mabomba nilishayakata, limebaki sanduku. Nikalizika chini ya dirisha la Baba, mdomo wake ukawa sawa na ardhi. Nikalijaza maji ya mvua, nikapanga mawe upande mmoja ili kitakachoingia kipate pa kutokea, nikachomeka matete mawili matatu. Nia yangu ilikuwa Baba apate kitu cha kutazama, maana ukuta wa jirani alikuwa ameshaumaliza. Lakini ukishatega maji, wageni hawangoji mwaliko. Walikuja wadudu wale wanaotembea juu ya maji, wakaja kereng'ende wekundu, wakaja vyura, na haukupita muda viluwiluwi wakawa wamejaa humo. Mbu nao walijaribu mwanzoni, sikatai. Ila watoto wa kereng'ende hukulia majini na hawajui kushiba, na mabuu ya mbu ndiyo chakula chao. Kufikia mvua zilizofuata tulikuwa tunalala bila kujipiga vibao.

Na Baba akaanza kugonga. Kijiko mkononi, mkono ule ule wa kulia, kwenye nondo za dirisha. Mwanzoni aliubeba kwa mkono wa kushoto, baadaye ukaenda wenyewe, ingawa haukupita usawa wa kifua. Tukajiwekea lugha yetu. Akigonga polepole, anataka maji ya kunywa au msaada wa kwenda chooni. Akigonga mfululizo, maana yake acha unachofanya uje uone. Nimeunguza masufuria kwa ajili ya chura anayemeza panzi mkubwa kuliko mdomo wake. Nimemwacha mteja kwenye simu nikamwangalie mdiria aliyekuja kuiba kiluwiluwi, na Baba ananitazama mimi, si ndege, aone kama nimefurahi. Mheshimiwa hakuijua lugha hiyo, kwa sababu haipiti kwenye simu ya Jumapili.

Basi akaja likizo. Asubuhi nikamwachia Baba, nikaenda kwenye bucha la mtaa wa pili ambako friza lilikuwa limegoma. Nilikuwa nimepiga magoti, natia gesi, simu ikaita mlio wa kundi la familia. Nikafungua video. Mheshimiwa huyo, ameshika simu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili dumu la oili chafu ya magari, aliyoiomba gereji ya jirani.

"Familia, hamjambo," alikuwa anasema. "Angalieni nilichokikuta. Dimbwi la mbu, chini kabisa ya dirisha la mgonjwa. Sasa hivi nalimaliza."

Akainamisha dumu. Oili ikateremka nyeusi, nzito, ikatanda juu ya maji kutoka ukingo hadi ukingo. Na nyuma ya sauti yake nikasikia nondo zikigongwa. Mfululizo, bila kupumzika, kwa nguvu ambazo sikujua Baba anazo. Mheshimiwa akageuza simu dirishani, akampungia mkono.

"Mnamsikia Mzee?" akasema. "Anashangilia."

Shangazi alikuwa ameshatuma makofi.

Sijui nilisimamaje. Najua niliacha gesi, nikaacha spana, nikaacha mfuniko wazi, na mwenye bucha akaniuliza, "Fundi, na nyama yangu?"

"Nyama yako imeshakufa," nikamjibu. "Itasubiri."

Nilipofika uani, chura mmoja alikuwa anajaribu kupanda mawe. Anapanda, anateleza, anarudi kwenye oili. Kereng'ende alishatua akanasa, bawa moja linapiga, moja limekwisha. Viluwiluwi sikuwaona, na sikutaka kuwaona. Mheshimiwa alikuwa bombani, ananawa mikono kwa sabuni na kupiga mluzi.

"Umefanya nini?" nikamuuliza.

"Nimewaondolea malaria. Hata asante hakuna?"

"Baba alikuwa anagonga."

"Ndiyo. Amefurahi mno."

"Alikuwa anakupigia kelele uache. Hizo ndizo kelele alizobaki nazo."

Akafunga bomba taratibu, akanitazama kwa ile huruma yake ya mkubwa kwa mdogo. "Mdogo wangu, mimi nimekuwa mtoto wa yule mzee kabla wewe hujazaliwa. Namjua."

"Unamjua yule aliyekuwa na sauti," nikamwambia. "Huyu wa sasa hujakaa naye hata mchana mmoja ukanyamaza."

Nilitaka kumpiga, nasema kweli, na kilichonizuia ni kuona kijiko chini ya dirisha, nje, kwenye udongo. Baba aligonga mpaka kikamponyoka. Nikachungulia ndani. Alikuwa amelipa dirisha kisogo, sijui aligeuzaje kile kiti, na mkono ulikuwa umelala pajani kama siku za mwanzo. Hapo hasira yangu ikaingia hofu. Ule mkono tulikuwa tumeupata kwa chura mmoja mmoja, na sasa hakukuwa na chura.

"Nenda ukamwangalie," nikamwambia kaka. "Mimi sisemi tena. Nenda ukamweleze mwenyewe ulichofanya."

Akaenda. Sura ilikuwa imeanza kumbadilika, kumbe na yeye alikuwa amemwona yule chura kwenye oili. Nikamfuata hadi mlangoni. Alichuchumaa mbele ya kiti, macho yake na ya Baba yakawa sawa, na kwa dakika moja nilidhani ataongea kama mtu.

"Mzee, nilitaka usiugue tu," akaanza. Angeishia hapo, ningemsamehe. Lakini Mheshimiwa ni Mheshimiwa. "Na usijali. Nitakununulia tanki la kioo, la kisasa, lina taa ndani, na samaki wa rangi. Utasahau kabisa yale matope." Akampapasa Baba mkono wa pajani, kama mtu anayefunga mkutano.

Kibao kilisikika mpaka mlangoni. Hakikuwa na nguvu za kumwumiza mtu, lakini kilimpata sawasawa shavuni, na kaka yangu, mtu mzima mwenye mvi, akakaa chini sakafuni.

"Amenipiga," akaniambia, kwa sauti ya mtoto anayeshtaki.

"Kwa mkono upi?"

Akageuka kumtazama. Mkono wa Baba ulikuwa bado uko juu, unatetemeka, umepita kifua, umepita bega, umefika kule ambako Bwana Nyoosha alikuwa akiubembeleza ufike. Vidole vilikuwa vimefunguka vyote. Usoni Baba alikuwa amewiva kwa hasira, na machozi yanamtiririka, na hakumwondolea mwanawe macho.

"Wa kulia," Mheshimiwa akasema polepole. Halafu nikauona uso wake unachangamka. Akaangalia mkono, akaniangalia mimi, akatabasamu, nikajua kichwani mwake mambo yameshakwisha: mzee amepona, na aliyemponya ni yeye. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu awarekodie familia.

Nilimnyang'anya simu, nikamshikisha ndoo akachote oili yake.