Deni la Kupaa

Katika nyumba ya fundi saa mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Dakika, sheria ilikuwa moja na kila mtu aliijua: aliyeahidi hutimiza, akishindwa, ahadi yake huchukuliwa na aliye karibu naye zaidi, wala haihesabiwi kuwa imetimizwa mpaka mwenye kudai aseme kwa kinywa chake kwamba amelipwa. Sheria hiyo haikubandikwa ukutani, wala haikuhitaji kubandikwa. Mkewe alipovunjika mkono ilhali amemwahidi jirani kumshonea gauni, Mzee Dakika alifunga duka lake, akaketi kwenye cherehani, akalishona mwenyewe. Shingo ya gauni lile ilikaa upande. Jirani alilivaa hivyo hivyo, akatamka mbele ya mashahidi kwamba amelipwa, maana alihofu kwamba akikataa angeshonewa la pili.

Kwa hiyo, mwana wao wa pekee alipofariki, hakuna aliyeshangaa kuona baba mtu akimwita mjane sebuleni, mara baada ya mazishi, na kumketisha mbele yake. Marehemu alikuwa fundi umeme. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya nguzo, mchana kweupe, akiwa kazini.

"Mwanangu," Mzee alimwambia, "mume wako alikuahidi nini ambacho hakukitimiza?"

Mkwe wake aliitazama mikono yake. "Aliniahidi kunirusha, baba."

"Kukurusha namna gani?"

"Kwa ule mwavuli mkubwa unaovutwa na boti baharini. Aliuona alipokwenda kutandaza nyaya za hoteli kule pwani. Alisema tutapaa wawili, kamba iishe yote, ili nami nione anavyoona yeye akiwa juu."

Waliokuwamo sebuleni walicheka, kisha wakaona haya, kila mmoja akatafuta leso yake. Mzee Dakika peke yake hakucheka. Alikuwa mtu ambaye hata kupanda ngazi kubadilisha taa alimwachia mwanawe.

"Nimesikia," alisema. "Deni hilo ni langu."

Mama mzazi wa mjane aliishi mbali, peke yake, na alikuwa amekwisha kuuliza ni lini binti yake atarudi. Binti alimjibu kwamba atarudi atakapokuwa hana anachokidai katika nyumba ya mumewe. Lilikuwa jibu la heshima. Lilikuwa pia jibu la mtu asiyejua bado huzuni yake aipeleke wapi. Lakini wazee wale wawili walilipokea kwa namna yao. Walielewa kwamba mradi deni lipo, mkwe wao yupo. Watamsikia asubuhi akifungua madirisha na kuimba kwa sauti ya chini. Watamwona akiweka mezani kikombe cha marehemu kwa kusahau, kisha akikiondoa upesi kabla hawajageuka. Hapakuwa na mtu mwingine duniani ambaye angekisahau kikombe kile namna ile.

Ndipo Mzee Dakika, ambaye hakuwahi kuichelewesha saa ya mteja hata mmoja, alipoanza kuchelewesha. Mara bahari imechafuka. Mara duka limemwelemea. Mara goti. Mkewe hakumkumbusha kamwe. Kila goti lilipotajwa, alikwenda kuchemsha maji ya kulikandia kwa furaha ambayo hakuificha vizuri.

Hali hiyo ingeendelea, lau si habari iliyofika kwamba mama yule mzazi ameanguka bafuni, hawezi kusimama, na anamwita binti yake. Mzee alisikiliza, akavaa koti, akaenda mwenyewe kukata tiketi. Zilikuwamo za watu watatu kwenda pwani na za watu wawili kurudi. Ilikuwamo pia moja ya basi la jioni, litakalomchukua mkwe wake kutoka mji ule wa bahari moja kwa moja hadi kwa mama yake.

Mkewe alizitazama zile tiketi. "Goti limepona lini?" aliuliza.

"Halijapona," Mzee alijibu.

Walifika asubuhi. Sanduku la mkwe liliachwa kwenye chumba cha nyumba ya wageni, limefungwa kwa kamba, nao watatu wakateremka hadi ufukoni. Nahodha wa boti alikuwa mtu wa maneno mengi na kofia iliyochakaa. Alimtazama Mzee Dakika kuanzia tai hadi viatu.

"Mzee wangu, na suruali hiyo ya kwendea ibadani ndiyo unapaa?"

"Nimekuja kulipa deni, sikuja kuogelea."

"Haya, tai tumekusamehe. Viatu vua, visije vikamwangukia mtu kichwani, tukafungwa wote."

Nahodha aliwafunga Mzee na mkwe wake majaketi okozi, kisha mikanda ya kiunoni na mapajani, akiongea bila kupumua. "Sikilizeni sana. Boti inanguruma, mkiwa juu hata mpige yowe hatuwasikii. Tunasoma mikono tu. Dole gumba likisimama, tunawaongezea kamba. Mkono ukipungwa, tunawashusha papo hapo. Hatuulizi kwa nini. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa," alisema Mzee, kwa sauti ya mtu anayejibu hakimu.

Botini walikuwamo pia maharusi wawili, wageni kama wao, ambao zamu yao ilikuwa ya baadaye. Nyuma, kwenye mashine ya kukunja kamba, alikaa mtu mnene aliyeitwa Winchi kama mashine yenyewe. Mama mkwe aliketi kwenye benchi, amekumbatia viatu vya mumewe kama mtoto mchanga.

Mwavuli ulijaa upepo, kamba ikalegezwa, na wale wawili wakanyanyuliwa kutoka sakafuni bila mshtuko wowote, kama mtu anavyoinua kikombe. Mzee Dakika alifumba macho. Alipoyafumbua, boti ilikuwa ndogo, na ndani yake mkewe alikuwa amesimama, akiwapungia kwa mikono yote miwili, viatu vimemwanguka.

Mwanamke yule alikuwa ameona kitu kimoja tu: watu wake wakiondoka juu. Na Mzee Dakika alilelewa katika nidhamu ambayo mtu akisalimiwa huitikia. Aliinua mkono wake wa kuume, akampungia mkewe, polepole na kwa adabu.

Kamba ikaacha kulegea. Kisha ikaanza kurudi.

"Baba," alisema mkwe wake, "mbona tunashuka?"

Walipokanyaga tena sakafu ya boti, maharusi walikuwa wanacheka hadi wanashikana.

"Mzee, umepunga mkono!" alisema nahodha.

"Nilikuwa namwitikia mke wangu."

"Si umemwacha hapa sasa hivi! Miaka yote hiyo ya ndoa na bado mnapungiana?" Nahodha alimgeukia bwana arusi. "Wewe, jifunze. Hivi ndivyo watu wanavyooana."

Lakini mama hakuwa na habari na mzaha huo. Alikuwa akiitazama mashine, ambayo bado ilikuwa na mizunguko mingi ya kamba, na uso wake ulikuwa umejaa nuru ambayo mumewe hakuwa ameiona tangu msiba.

"Kamba haikuisha," alisema. "Nusu nzima imebaki. Winchi, si imebaki?"

"Imebaki, mama. Tena zaidi ya nusu."

"Basi! Marehemu alisema kamba iishe yote. Haikuisha, deni halijalipwa. Si ndiyo sheria yako, Baba? Si wewe uliyeitunga?" Alimshika mkwe wake mkono. "Twende nyumbani, mwanangu. Tutarudi mwakani, bahari ikitulia."

"Bahari mbona imetulia, mama?" alisema nahodha. "Ila kwetu sisi anayetoa ishara ya uongo anarudi nyuma ya foleni. Ngojeni maharusi wapae kwanza. Au kama mmechoka, mje kesho, nitawapa zamu ya kwanza kabisa."

"Kesho!" mama alidakia. "Umesikia? Nahodha amesema kesho."

Kesho basi la jioni lingekuwa limekwisha kuondoka. Kesho ingezaa tiketi nyingine ya kutafutwa, na goti, na duka, na mvua. Mzee Dakika alilisikia neno lile likimwingia mwilini kama maji ya moto kwenye goti lenyewe. Hakuna mtu ambaye angemlaumu. Hakuwa ametenda hila. Alikuwa amepunga mkono kwa adabu, na sheria yake mwenyewe ilikuwa upande wake.

Alimtazama mkwe wake. Binti yule hakumwomba waende nyumbani wala hakumwomba wabaki. Alisimama tu, mkono wake mmoja umeshikwa na mama mkwe, maji ya mawimbi yaliyorukia botini yanamchuruzika miguuni, naye akiangalia upande wa nchi kavu, kwa macho ya mtu anayemsikia mgonjwa akiita chumba cha pili.

"Tutangoja zamu yetu ya leo," alisema Mzee.

Mama aliuachia ule mkono. "Una moyo wa namna gani wewe? Unamfukuza mtoto!"

"Simfukuzi. Namlipa."

"Mlipe polepole! Nani amekuharakisha? Huyu ndiye aliyebaki. Akiondoka huyu, ndani ya nyumba ile tutaongea nini, mimi na wewe? Tutaongea saa?"

Mzee aliviokota viatu vyake, akavipanga chini ya benchi. Maharusi, ambao sasa walikuwa wameacha kucheka, walifungwa mikanda kimyakimya na kupaa. Muda wote waliokuwa juu, wazee wawili walikaa kwenye benchi moja bila kutazamana, na mkwe wao kati yao, kama alivyozoea kukaa jioni sebuleni.

Zamu yao ilipofika, Mzee Dakika alimwambia nahodha, "Fungua kamba yote." Kisha akaiweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia.

Safari hii walipanda hadi mlio wa boti ukafa kabisa. Kulikuwa na kimya ambacho Mzee hakuwahi kukisikia, hata dukani asubuhi kabla ya kuzitia saa ufunguo. Chini, mji ulikuwa umetandazwa wote: mapaa ya bati na matangi meusi ya maji, nguo zilizoanikwa juu ya ghorofa, hospitali na uwanja wake, magari yakizunguka kwenye mzunguko wa barabara kama vyuma vya saa iliyofunguliwa. Na katikati ya hayo yote, mistari ya nguzo za umeme, barabara baada ya barabara.

Mkwe wake ndiye aliyezitaja. "Tazama, baba. Fupi kama njiti za kiberiti."

"Nimeziona."

"Nyumbani nilikuwa nikipita chini ya moja, naona inagusa mawingu. Kumbe ni kitu kifupi hivi." Aliifuata mistari ile kwa macho. "Alikuwa akiniambia kwamba juu kuna kimya. Nilidhani ananidanganya nisiwe na wasiwasi."

"Hakuwa mwongo."

"Hapana, hakuwa." Kisha akauliza jambo ambalo, kama ilivyokuwa wazi kwa wote wawili, ndilo alilolipandia huko juu. "Baba, unafikiri aliogopa?"

Mtu mwingine angesema hapana, na lingekuwa neno la huruma. Mzee Dakika alilitafuta neno hilo kwa moyo wake wote, akalipata, na hakuweza kulitamka.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Kila siku najiuliza. Sijui."

"Mimi pia." Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mazishi, binti yule alilia kwa sauti. Alilia mdomo wazi, kama watoto wanavyolia, maana alikuwa ameambiwa kwamba huko hawasikiki. Kichwa chake kiliinama hadi kwenye ukanda. Machozi yaliangukia magoti yake, mengine yakachukuliwa na upepo.

Mzee alitaka kumshika bega. Alitaka kumfuta uso, jambo ambalo baba yeyote angelifanya bila kufikiri. Lakini mkono wowote utakaoinuka ungesomwa chini, nao wangeshushwa kabla hajamaliza kulia. Akaendelea kuikalia mikono yake kwa uzito wake wote, hata vidole vikafa ganzi, naye akalia pia, pua ikimtiririka juu ya tai bila kupanguswa.

Boti iligeuka, ikapita mbele ya mji wote, ikageuka tena. Mzee alikuwa anamwomba Mungu jambo moja, na alijua kwamba si ombi la haki: kwamba mkwe wake asiinue mkono. Kwamba wakae hapo hapo, wawili, kamba ikiwa imeisha, mahali ambapo mwanawe alikuwa amewatangulia kupajua.

Binti alijifuta uso kwa mabega yake. Alizitazama zile nguzo tena, moja moja, kwa utulivu.

"Baba."

"Naam."

"Imetosha."

Akaupunga mkono.

Walishuka polepole, na kelele za dunia zikarudi moja baada ya nyingine: boti kwanza, kisha watu, kisha mama, ambaye alikuwa akiwaita kabla hawajakanyaga chini. Winchi aliwapokea, akawafungua mikanda. Mkwe alisimama mbele ya Mzee Dakika, akautoa mkono wake wa kuume, akayatamka maneno yampasayo mwenye kudai.

"Nimelipwa, baba. Katika nyumba ya mume wangu sidai kitu tena."

Mzee aliupokea mkono ule. Nahodha, ambaye tangu asubuhi hakuwa amekosa la kusema, aliigeuza boti kuelekea ufukoni bila neno.

Ndipo mama alipomshika mkwe wake pindo la nguo. Alilishika kwa ngumi zote mbili, kitambaa kikichuruzika maji, wala boti ilipogusa mchanga hakuliachia. Maharusi waliteremka. Binti alingoja, hakujivuta.

Mzee Dakika alipiga goti juu ya mbao zilizolowa, goti lile lile bovu, akavishika vidole vya mkewe na kuvikunjua kimoja kimoja, kwa subira ya kazi yake, asije akavunja kitu.

"Amelipwa, mke wangu," alisema. "Mwachie."

Mama akamwachia.