Sahihi za Mtongwe

Mamlaka mpya ya kuidhinisha miradi ya kaboni ilikuwa na mwezi mmoja tu ilipomtuma Basma kijijini Mtongwe. Kampuni moja ilitaka kuuza kaboni iliyohifadhiwa na mikoko ya pale, na ilikuwa imeleta sahihi za wenyeji ishirini waliokubali. Basma alitakiwa kuonana nao ana kwa ana.

Bi Kuluthum, mwenyeji wake, aliisoma orodha polepole.

"Mwanangu, hawa wote ni marehemu. Bahari iliyala makaburi yao, mikoko ikaota hapo."

Ilikuwa adhuhuri, maji yamekupwa, nao walikuwa wamesimama ufukweni. Kwa hasira, Basma akaikabili mikoko na kuita jina la kwanza.

"Mwanaisha binti Hadi!"

"Abee," sauti ikaitika kutoka matopeni.

Nywele zilimsimama. Akamtazama Bi Kuluthum. Midomo yake ilikuwa imefumbwa. Akajikaza.

"Shikamoo, bibi. Ulikubali?"

"Sikuulizwa."

Basma akaandika kwamba ombi la kampuni limekataliwa. Alipogeuka aondoke, sauti nyingine zikaanza kujitaja majina, moja baada ya nyingine, kila moja ikingoja. Hakuthubutu kuondoka kabla hajawauliza wote.