Mlango wa Sita

Kanisa la mtaa wetu wa Venghlun nililichora mimi, na ukipita mji wetu wa Champhai yeyote atakuonyesha lilipo. Lile la zamani lilikuwa la mbao na bati, na lilivuja mpaka wanakwaya wakawa wanaimba na miavuli. Waumini walipoamua kujenga jipya, nilitaka jumba moja lifanye kazi zote: Jumapili ibada, siku nyingine chanjo za watoto, mikutano ya mtaa, mpira wa meza wa vijana, na mvua ikiporomosha mlima, mahali pa kulala waliopoteza nyumba. Sisi tunaishi juu ya mgongo wa mlima, ardhi ya tambarare hatuna. Kuacha jumba likae bure siku sita kwa ajili ya siku moja niliona ni dhambi, na nilimwambia hivyo kila aliyekubali kunisikiliza.

Kwa hiyo sikuweka viti vya kupigiliwa chini. Katikati, kati ya upande wa mimbari na ukumbi, nikachora ukuta wa milango sita ya mbao inayoteleza kwenye reli. Ikifunguliwa yote, watu mia sita wanakaa pamoja. Uwazi huo ndio niliokuwa naujenga. Kufungwa kwake kulikuwa nyongeza tu.

Aliyenisumbua ni Mzee Hrangkima, kiongozi wa wazee wa kanisa, anayetafuna tambuu polepole huku akikuangalia mpaka usahau ulichotaka kusema.

"Sanga," akaniambia kikaoni, "yaani vijana wapige mpira wa meza mbele ya Neno la Mungu?"

"Ukuta unafungwa, mzee," nikamjibu. "Yasiyostahili kuonwa na mimbari yatabaki upande wa pili."

Akacheka mpaka meno yake mekundu yakaonekana yote. "Haa, sasa umesema! Katibu, andika hivyo hivyo, neno kwa neno."

Mchoro ukapita. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba, najiona fundi wa mbao na wa maneno pia.

Miaka mitatu jumba lilifanya kila kazi niliyoliwazia. Kisha Rinfeli, binti yetu wa pekee, mwalimu wa watoto wa Jumapili, akashika mimba kabla ya ndoa. Kijana mwenyewe, Muanpuia, hakukimbia. Siku ya pili tu alileta wajomba zake kuposa. Lakini kwetu hilo halifuti kosa. Jina la Feli lilisomwa mbele ya waumini, akatengwa na meza ya Bwana. Zamani maharusi wa namna hiyo walifungishwa ndoa sebuleni kwa mchungaji. Mimi nilijipa moyo kwamba kanisa jipya litakuwa limeleta huruma mpya.

Mzee Hrangkima alikuja nyumbani na daftari la vikao kwapani.

"Ndoa itakuwa ukumbini," akasema. "Bila shela, bila ngoma. Na ukuta uwe umefungwa."

"Nani ameamua?" mke wangu akauliza.

"Mumeo, Mama Feli." Akafungua daftari, akayasoma yale maneno yangu moja baada ya jingine, kwa sauti ya kusomea Zaburi.

Mke wangu hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga. "Mkuki kwa nguruwe," akasema, akaingia jikoni, na chai ya mgeni hakuileta.

Mzee alipoondoka, Feli alikuja kukaa karibu yangu. "Baba, kweli ulisema hivyo?"

"Nilikuwa nazungumzia mpira wa meza, mwanangu."

"Kumbe mimi ndio mpira wa meza." Akacheka, na cheko likamgeukia kilio hapo hapo. Alipojifuta akasema, "Shela siitaki. Ngoma yao wakae nayo. Ila niachie mlango mmoja, baba. Pale mbele nimefundisha watoto miaka mitano. Nataka nipaone tu wakati naapa."

"Nitakuachia."

"Apa."

"Naapa."

Siku ya ndoa niliwahi mapema, nikafunga milango mitano. Wa sita nikauacha wazi, na ukiwa ukumbini uliiona mimbari na chombo cha maua juu yake. Feli aliingia amejifunga puan, nguo yetu ya kufumwa, nyekundu, ya bibi yake, tumbo limeanza kuonekana. Akatazama ule uwazi, kisha akanitazama mimi, akatabasamu. Kwa miezi miwili sikuwa nimeyaona meno yake.

Mzee Hrangkima, kiti cha mbele, akageuka. "Sanga, huo mlango vipi? Umekwama?"

Nikainama kunyoosha safu ya viti.

"Umekwama, jamani," akawaambia wenzake, bila kushusha sauti. "Miaka mitatu tu! Si nilisema mbao zile ni mbichi?"

Watu wakacheka.

Mbao hazikuwa mbichi. Nilizianika miezi minane, na reli niliipima kwa mikono yangu hii. Ningependa kukuambia kwamba niliogopa wazee, au nilitaka kumwepushia mwanangu aibu zaidi. Ningekuwa nakudanganya. Nilichukia kuchekwa kazi yangu, basi.

"Haujakwama," nikasema. Nikauvuta kwa kidole kimoja ili waone. Uliteleza bila kutoa hata mlio, na mtu mmoja nyuma akasema, "Fundi!" Komeo liko upande wa mimbari, kwa hiyo nilijipenyeza, nikauvuta nyuma yangu, nikalisukuma mpaka mwisho. Hapo ndipo nilipotambua nilichofanya. Nilikuwa peke yangu na viti vitupu na maua.

Kupitia mbao nilimsikia mchungaji akiuliza nani anamkabidhi bibi harusi.

"Tumsubiri baba," Feli akasema.

Wakasubiri. Nilikuwa nimeshika komeo. Kulifungua ni kazi ya kidole, hata mtoto angeweza, lakini nyuma yake kulikuwa na uso wa mwanangu, na nilishindwa kuuona. Machozi yalinitoka, nikayaacha yatoke.

Kisha nikasikia sauti ya mke wangu, tulivu kabisa.

"Anza tu, mchungaji. Baba yake yuko kanisani."

Mchungaji akaanza. Feli aliapa mpaka mwisho, kila neno nikalisikia, na mkono wangu ulikuwa bado juu ya komeo.