Alama ya Vema

Mwalimu Kagaruki wa Izigo hakuweza kulinyamazia kosa la Kiingereza. Miaka thelathini na nne alifundisha Muleba, na kalamu nyekundu haikumtoka mfukoni hata alipostaafu. Kadi ya harusi ikimfikia, anaisahihisha kwanza, ndipo aulize anayeoa ni nani.

Hata kwenye mazishi ya mkewe hakujizuia. Binti yake Nancy alikuwa akisoma maneno ya kumuaga mama kwa Kiingereza, akafika kwenye neno bereft, neno la mtu aliyenyang'anywa kilicho chake, akaliunga na from. Mzee akainuka na machozi yake, kanisa zima likimtazama. "Of, Nancy! Bereft of!" Jamani, aibu gani ile! Nancy alinuna, akakaa Bukoba miaka mitatu bila kukanyaga nyumbani.

Juzi kaka yake, Joackim, akampigia simu kuhusu baba yao. "Tata hanijui tena. Ameniuliza mimi mtoto wa nani. Daktari anasema ndiyo basi."

Nancy akabisha. Majina yamemtoka, sawa, mzee huyo. Lakini Kiingereza? Thubutu! Kama Kiingereza kipo, baba yake yupo.

Jumamosi asubuhi akashuka Izigo na daftari jipya mkobani. Alimkuta barazani, amefunga vifungo vya shati kombo, lakini kalamu ipo mfukoni. Nancy nusura apige kigelegele.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba, mama. Karibu," akajibu, kwa ile adabu tunayowapa wageni.

Nancy akaiandika sentensi ileile ya msibani, na kosa lake vilevile, akamwekea daftari magotini. Akaomba kimoyomoyo: Nifokee, Tata. Niaibishe mbele ya Izigo nzima, nitakushukuru nimepiga magoti.

Mzee akasoma polepole, kidole kikifuata maneno. Kikafika kwenye from, kikasimama.

Kidole kikaendelea hadi nukta. Mzee akachomoa kalamu, akachora alama ya vema, kubwa, nyekundu, ambayo Nancy hakuwahi kuipata kwake tangu aanze shule.

"Vizuri sana, binti," akasema akitabasamu. "Nani alikufundisha?"