Pikapu Iliyojipigia Honi

Mwenyekiti Venansi alitaka kuiuza pikapu yetu kwa shemeji yake, tena kwa bei ya kuku. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji asije akadhani nilimkasirikia bure.

Pikapu ni ya ushirika wa wakulima wa Buhinyuza, huku Burundi. Wengi wetu tumekulia Tanzania, kambini, tukarudi na masufuria vichwani, na wapo waliotuita wageni kwenye mashamba ya babu zetu. Majina yao ninayo. Pikapu hiyo ndiyo kitu cha kwanza tulichokinunua wenyewe, kwa maharage yetu, bila mfadhili kuja kupiga picha mlangoni mwake. Bila hiyo maharage yanauzwa shambani kwa mchuuzi: bei yake, mizani yake, hesabu yake. Ikituponyoka, tumerudi kulekule.

Nayo ilikuwa imeshikwa na wazimu. Mwisho wa masika honi ilianza kulia yenyewe. Kisha taa za indiketa za pande zote zikapepesa bila kuguswa, waipa zikapangusa jua kali, milango ikajifunga dereva akiwa nje na ufunguo ukiwa ndani. Mafundi wa Muyinga mjini wakachomoa fyuzi, wakarudisha fyuzi, wakachukua chao. Ndipo Venansi akasimama mbele ya watu akasema gari imekufa kichwa, na kwamba kwa bahati njema shemeji yake yuko tayari kuichukua kama chuma chakavu.

"Mkutano ni Jumamosi," akasema. "Kama haijapona tunapiga kura, yanakwisha."

Nikasimama. Mimi ni mtu wa kusimama.

"Itapona," nikasema, "na Jumamosi utatueleza iliugua vipi."

"Elias, kaka yangu," Venansi akacheka, "kwako hata gari ina njama?"

"Gari haina. Mwenyekiti ndiye sijui."

Siku ya pili yake dada Jeska, dereva wetu, mwanamke mnene wa vicheko aliyejifunza kuendesha kwenye trekta la mashamba ya tumbaku kule Tabora, akaiwasha pikapu. Nikapanda kando yake, tukashika njia ya Gitega kwa mafuta niliyoyapata kwa njia ambazo sitaziandika hapa.

Hatujamaliza mteremko wa kwanza, honi ikaanza. Jeska akataka kushuka achomoe waya wake. Nikakataa.

"Iache ilie. Nchi nzima isikie tulivyofanyiwa."

Nchi ikasikia. Lakini huku kwetu gari inayopiga honi mfululizo huku taa zote zikipepesa ina maana moja tu: imebeba bibi harusi. Mimi nilitegemea watu watushangae, watuulize, niwaeleze. Badala yake wanawake waliokuwa wakilima walinyoosha migongo, wakapiga impundu, vigelegele vya huku kwetu, mpaka kilima cha pili kikaitikia. Karibu na Karusi pikipiki moja ikatufuata nyuma, kisha nyingine, kisha kundi zima, nazo zikipiga honi zake. Pale barabara ilipotupunguza mwendo, mama mmoja akakimbia kando yetu akachungulia dirishani. Akamwona Jeska na jasho lake. Akaniona mimi na ndevu zangu za mvi.

"Yemwe!" akashangaa kwa Kirundi. "Mmechelewa, lakini hongereni!"

"Mama, sisi si—" nikaanza.

"Asante mama!" Jeska akapaza sauti. "Nilimkataa tangu kambini, leo kanipata!"

Mama akaturushia kichane cha ndizi mbivu. Mpaka tunaingia Gitega nilikuwa bwana harusi, na pamoja na hasira zangu zote nilishindwa kuyaficha meno.

Fundi wetu alikuwa Zuberi, mtu wa umeme wa magari, ambaye garaje yake iko nyuma ya soko. Alitusikia kabla hajatuona.

"Karibuni maharusi," akasema. "Biryani iko wapi?"

Akalala chali miguuni pa kiti cha abiria, kichwa chini ya dashibodi, tochi mdomoni. Akapima hiki, akapima kile, akatoka na kisanduku cheusi cha plastiki chenye soketi pande zote.

"Fyuzi iko sawa. Waya iko sawa. Tatizo iko humu, kwenye bwatie. Hii ndiyo inaamrisha honi, taa, waipa na milango. We unabonyeza, yeye anatuma. Sasa huyu anatuma bila kubonyezwa."

"Kama mwenyekiti wetu," nikasema.

Zuberi akakifungua. Ndani, vile vijinjia vya shaba vilikuwa vimeota ukijani, na juu yake kitu cha kahawia kimegandamana kama asali kuukuu. Akanusa. Akanikazia macho, akanusa tena, akampa Jeska. Jeska akavuta pumzi moja tu, akaketi juu ya tairi akicheka mpaka akashika mbavu.

"Kaka Elias, gari yetu imelewa!"

"Urwarwa," Zuberi akasema. "Mi sinywi, lakini harufu ya kwa jirani naijua."

Pombe ya ndizi, ndani ya dashibodi! Nikasimama pale garajeni na kumbukumbu zangu, na hizo hazijanitupa hata siku moja. Mwisho wa masika, Jumapili, Venansi aliazima pikapu kwenda kumposea mwanawe. Na pombe ya ukweni haipandi nyuma, mahali palipolala magunia ya samadi. Wakwe wakiona hivyo mmeshajitukana wenyewe. Pombe ya ukweni hupakatwa. Nilimwona kwa macho yangu akiondoka mbele, kando ya Jeska, dumu magotini, suti imepigwa pasi. Na njia ile ina mashimo.

"Ilimwagika," Jeska akakumbuka, akijifuta machozi. "Alisema ni tone tu. Nilipanguza kiti. Huko chini nani angejua?"

Nyuma ya garaje kulikuwa na pikapu ndugu ya yetu, fremu imepinda, injini imeng'olewa. Zuberi akachomoa bwatie yake, akalinganisha namba, akaichomeka kwetu. Honi, kimya. Waipa zikalala. Nikataka kumkumbatia. Jeska akazungusha ufunguo: injini haikushika.

"Ngoja," Zuberi akasema. "Hii haiwajui. Iko na kumbukumbu ndefu, inakumbuka ufunguo wa mwenyewe tu. Mi niko na mashine ya kuifundisha ufunguo wenu, lakini kwanza inataka kuuona ule wa zamani."

Nikakipenda kile kisanduku ghafla, kama ndugu.

Ufunguo wa ile pikapu iliyopinda ulikuwa kwa mwenyewe wa zamani, Mama Kulthumu, muuza vitenge. Tukamkuta dukani akikata kitambaa, lundo la funguo likining'inia mkononi mwake.

"Gari niliuza," akasema. "Ufunguo sikuuza. Ule ni wangu."

Nikaanza kumweleza juu ya mkulima, na jasho la mkulima, na wale wanaokula pasipo kulima. Akaendelea kukata kitambaa chake.

"Baba, hotuba iko kwenye redio kila siku. Niambie gari inafanya nini."

Hapo Jeska akachukua nafasi yangu. Akamsimulia honi, pikipiki, impundu, yule mama na ndizi zake, na jinsi nilivyokaa kando yake nimenuna huku nikipungiwa mikono na tarafa nzima. Mama Kulthumu akaweka mkasi chini. Akacheka hadi kilemba kikalegea.

"Ile yangu ilibeba mabibi harusi wa mtaa mzima," akasema. "Hata mimi mwenyewe ilinibeba. Twendeni. Lakini ufunguo hautoki mkononi mwangu."

Akafunga duka. Akapanda kwenye usukani wetu na lundo lake zima, ufunguo wa gari katikati ya funguo za makufuli na makabati. Zuberi akaunganisha mashine yake, akabonyeza, akangoja, akampa ishara. Mama Kulthumu akazungusha. Injini ikanguruma.

Akabonyeza honi, ikalia. Akaachia, ikanyamaza. Tukabaki tumeduwaa kana kwamba hatujawahi kusikia honi ikinyamaza. Kisha Jeska akapiga impundu, Mama Kulthumu akajibu, na wauza nyanya wa upande wa pili wakadakia bila kujua ni za nini.

Zuberi alipokwisha kuifundisha ufunguo wetu, nikauliza kama kisanduku kitausahau ule wa zamani.

"Hapana. Zote mbili inazijua sasa."

"Yaani mama akitaka anaweza kuiiba?"

"Nikija kuiba," akasema Mama Kulthumu akishuka, "mtanijua kwa honi."

Jumamosi tulifika mkutanoni kimyakimya, tukaegesha nyuma ya watu. Shemeji wa Venansi alikuwa ameshakaa mbele, kamba ya kuvutia gari mapajani. Mimi nilikuwa na hotuba inayoanzia siku tuliyovuka mpaka kurudi. Nilikuwa sijafika hata mpakani Jeska akaingiza mkono mfukoni mwangu, akatoa kile kisanduku cha zamani, akampa mtu wa kwanza.

"Nuseni, mpitishe."

Kikapita pua kwa pua, na manong'ono nyuma yake. Kikafika kwa Bibi Kasilda, mpika pombe wetu. Akanusa, akafumba macho, akanusa tena.

"Hii ni yangu," akasema. "Mtama unaokaangwa hivi Buhinyuza nzima ni wa nani mwingine? Hii niliipika kwa ajili ya ukwe wa Venansi."

Vichwa vyote vikageuka. Venansi akatazama magoti yake, kana kwamba bado yamelowa.

"Niliipakata," akasema kwa sauti ndogo. "Ningeiweka nyuma na samadi, wakwe wangesema nini?"

Mtu mmoja akacheka. Wakacheka wote. Nami nikacheka, maana nilipowakumbuka watu wa mikutano yote niliyohudhuria sikumwona mtu hata mmoja ambaye angeiweka nyuma. Jeska akaenda akaiwasha pikapu, akapiga honi mara moja, akaiacha inyamaze. Hakuna aliyetaka kura. Shemeji akakunja kamba yake.

Faini ilitajwa na Bibi Kasilda: Venansi alete pombe, wanywe wote, shemeji asiondoke na kiu. Kuhusu uenyekiti tutazungumza msimu ujao. Ile bei ya kuku sijaisahau.

Jioni ileile tukaenda kuichukua pombe ya faini kwa Kasilda. Venansi alikaa nyuma, dumu moja kila upande, suti imetapakaa samadi, akiyashikilia kwenye kila shimo kama mtu aliyebeba wajukuu. Watoto wakakimbia nasi. Mwanamke mmoja akauliza kutoka kwenye ua wake nani anaoa.

"Mwenyekiti!" Jeska akajibu. "Anaoana na madumu!"

Kisha akanipisha kidogo kwenye usukani. "Haya, bwana harusi. Zamu yako."

Nikabonyeza. Ikalia. Nikaachia, ikanyamaza. Nikabonyeza tena.