Redio Iliyogawanywa Mtaa Mzima

Chumba cha mbele cha nyumba yangu kilikuwa karakana ya redio kabla hakijawa sebule. Marehemu mume wangu alikuwa fundi, na meza tunayolia chakula ni ile ile aliyochomelea nyaya. Ina madoa ya moto ambayo kitambaa hakijawahi kuyafunika yote. Sakafu ni ya saruji, imelainika kwa viatu vya wateja. Hapo sakafuni ndipo binti yangu, kitinda mimba, alipofanyia mazoezi ya michoro yake, kwa chaki, maana alisema karatasi inambana.

Somo lake la chuo ni la hifadhidata, yaani kupanga habari ndani ya kompyuta zisigongane. Mimi niliishia shule ya msingi, kwa hiyo nilijifunza kwa kutazama. Kitu chenye habari zake, kama mteja au redio, kinapewa kisanduku. Habari zake, kama jina au rangi, zinaning'inia pembeni ndani ya viduara vilivyorefuka kama mayai. Kati ya kisanduku na kisanduku kuna mraba uliosimama kwa kona, na ndani yake neno la kuonyesha vinavyohusiana: analeta, anatengeneza, ina. Halafu juu ya mistari anaandika kama ni kimoja kwa kimoja, kimoja kwa vingi, au vingi kwa vingi. Hapo kwenye vingi ndipo penye kazi.

Mwaka uliotangulia alikuwa ameanguka somo hilo. Chuo kilimruhusu kurudia mara moja tu. Akianguka tena, anafukuzwa chuo. Safari hii kila mwanafunzi alitakiwa achore mahali pa kazi anapopajua, kisha asimame mbele ya mwalimu autetee mchoro wake mstari kwa mstari. Wenzake walichukua maktaba na hoteli. Yeye alichukua karakana ya baba yake, iliyofungwa tangu tulipomzika. Niliiweka habari hiyo kwenye sala yangu ya asubuhi, nikaendelea kumwangalia.

Jumamosi moja nilikuwa mezani nachambua mchele, yeye kapiga magoti sakafuni, ananihoji kama karani wa sensa. Mteja mmoja aliweza kuleta redio ngapi? Nikamwambia hata tano, kulikuwa na mkunga aliyeleta za ukoo mzima. Redio moja iliweza kuwa na wenyewe wawili? Hapo nilicheka. Nikamsimulia mume na mke walioachana, kila mmoja akaja kwa wakati wake kumwonya fundi asimpe mwenzake ile redio. Baba yake aliikataa kesi hiyo. Aliiweka redio dirishani, akawapangia zamu ya kuja kuisikiliza, huyu taarifa ya habari, yule vipindi vya nyimbo, mpaka wakarudiana kwa uvivu wa kutembea.

"Vingi kwa vingi," akasema binti yangu, akafuta kwa kiganja na kuandika upya.

Wakati huo akaingia wifi yangu, dada wa marehemu, ambaye nyumba hii hajawahi kuibishia hodi. Akasimama kizingitini na kutazama chini.

"Wifi, mbona umemwachia mtoto achore makaburi sebuleni?"

"Shangazi, ruka. Unamkanyaga mteja."

"Mteja gani, hata salamu hana."

Akaruka, ingawa magoti yake si ya kuruka, akaketi kwenye kiti cha kaka yake na kunyoosha mkono kwenye ungo bila kuambiwa.

Binti yangu alikuwa amefika kwenye kisanduku cha redio na kisanduku cha kifaa, yaani spika, betri, koili na vidude vingine vya ndani. Katikati aliandika "ina". Redio moja ina vifaa vingi, na kila kifaa ni cha redio moja. Alikuwa anasoma kwa sauti, ameridhika. Mimi na wifi tukatazamana, na wifi ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akauweka ungo chini.

"Mwulize mama yako habari za yule dereva wa lori," akasema.

Basi nikamsimulia. Baba yake alikuwa na rafu ya chini aliyoiita ya wastaafu. Mwanzo aliiita mochwari, nikamkataza kufanyia kifo mzaha, akabadilisha. Redio isiyopona, au ambayo mwenyewe kaisusa, ilikaa pale, na kila ilipohitajika spika au kitu chochote alikitoa kwa mstaafu na kumpa mgonjwa. Mitambo mingi ya mtaa huu iliishi hivyo. Dereva mmoja aliacha redio yake akaenda safari, na safari ikamshika huko muda mrefu sana. Redio ilikuwa na matope, imepasuka ubavu, ikaonekana mstaafu halali. Alipokuja kuidai, lilikuwa limebaki gamba.

Mume wangu hakumdanganya. Alimpa kiti, akamweleza, kisha akafunga karakana mchana kweupe akamchukua wakazunguke mtaa. Mimi niliwafuata kwa nyuma na mtoto mgongoni, maana dereva alikuwa mtu wa mwili mkubwa na sikujua hasira zake. Kwa kinyozi spika yake ilikuwa inatangaza mpira. Kwa mkunga ilikuwako koili yake. Kwa mshona viatu ulikuwako mkonga wake wa kunasia mawimbi, umefungwa kitambaa chekundu. Kila nyumba fundi alikuwa anasema taratibu, hiki ni chako, nikitoe? Na kila nyumba watu walimtazama yule dereva usoni.

Pale kwa mshona viatu dereva akakaa kwenye kigoda. Alisema, "Acha tu, fundi. Huku inaongea vizuri kuliko ilivyokuwa kwangu." Mume wangu akamkusanyia redio nyingine kutoka kwa wastaafu watano, na tangu hapo dereva kila alipopita na lori lake alizunguka zile nyumba kuijulia hali redio yake. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe, nakwenda kuijulia hali.

Nilipomaliza, wifi alikuwa anafuta macho na upindo wa kanga, akidai ni vumbi la mchele. Mimi niliusikia ule ukelele mwembamba wa redio inayotafuta stesheni, ambao kwa miaka mingi ulikuwa ndio asubuhi yangu, na harufu ya risasi ya kuchomelea inayoyeyuka, na marehemu akiniita nimshikie tochi wakati tochi kaishika mwenyewe.

Binti yangu alikuwa ameshafuta lile neno "ina". Sasa kifaa kimoja kiliweza kupita redio nyingi, na redio moja vifaa vingi, kwa hiyo ikabidi katikati kiwepo kisanduku kingine. Akakiita "Upachikaji". Ndani yake: kifaa gani, kimetoka redio ipi, kimeingia ipi, lini. Mistari ikaongezeka mpaka chini ya miguu ya shangazi yake. Binti yangu akajiinua akautazama mchoro, na nikamwona anaogopa. Alinieleza kwamba kila kisanduku kinachoongezeka ni swali jingine la mwalimu, na mwaka jana aliangukia kwenye vingi kwa vingi.

"Basi chora ule mwepesi, mwanangu," nikamwambia. "Upite. Baba yako hatakasirika."

Akakoleza kwa chaki mistari ya kile kisanduku kipya.

"Nikichora ule mwepesi, Mama, yule dereva hana mahali."

Sikubishana naye. Mazoezi yake yakawa ya mchoro huo huo, jioni baada ya jioni, mimi nikiwa mwalimu wa uongo nauliza nisichokielewa, shangazi yake akiwa mwalimu mkali anayekoroma.

Siku ya mtihani nilisali kabla hajaondoka na baada ya kuondoka, kisha nikakaa mlangoni kumenya viazi visivyohitajika. Alirudi jua limeegemea magharibi, anatembea polepole, na mimi mwendo huo niliusoma vibaya. Akaketi kando yangu. Akanieleza kwamba mwalimu alipita kisanduku kimoja kimoja, naye akajibu, mpaka wakafika kwenye Upachikaji. Mwalimu akataka kujua karakana ndogo kama ile ilikuwa na haja gani ya kuweka habari zote hizo, kifaa kimetoka wapi kimeingia wapi. Fundi alikuwa anaziandika wapi?

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia alikuwa haziandiki, alikuwa anazikumbuka. Na sasa hayupo."

Mwalimu, alisema, aliutazama tena mchoro. Kisha akamwekea alama ya kupita na kumwita anayefuata.

Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Halafu nikamwambia avue viatu, aende akamwambie shangazi yake kabla hajasikia kwa wengine tukasemwa mwaka mzima.