Upindo wa Gauni la Chiriku

Kijiba cha roho ni kijiba tu, hata kikiwa cha mama mfiwa. Fundi cherehani alikuwa nacho, tena kikubwa, na aliyemtia kijiba hicho ni wifi yake.

Mwaka mmoja tangu Chiriku azikwe, ndugu walijaa sebuleni kumkumbuka. Mtoto wa miaka mitano, mdomo haufungiki, ndiyo maana wakamwita hivyo. Saratani ya ubongo ilimshika, na madaktari walisema wazi kwamba hatapona. Wiki sita za mwisho alilazwa. Mama yake, ndiye fundi, alikuwa amejifungua juzijuzi, na wodini wachanga hawaruhusiwi; basi aliyelala naye huko, akamlisha, akamwogesha, ni shangazi yake. Mama aliambulia saa moja kwa siku, ile ya kutazama wagonjwa.

Sasa kila mtu akiuliza, "Mwishoni alikuwaje?" macho yote kwa wifi. Na wifi, loo, anavyo visa! Chiriku alivyomwamuru daktari avue viatu. Chiriku alivyombandika muuguzi jina la Bwana Sindano. Watu wanacheka, wanafuta machozi, na mama mtu yuko pembeni na sinia la vikombe kama mgeni aliyekuja kusaidia. Mtoto nizae mimi, visa awe navyo yeye! Alitamani kimoja tu cha kusimulia yeye. Alichokuwa nacho kilikuwa cha aibu.

Gauni la njano. Alimshonea wiki ya mwisho, na mkono kwa mazoea ukakunja upindo mpana, kama kwenye gauni lolote la mtoto, ili akirefuka lishushwe. Alipokuja kushtuka, lilikuwa limeshafika wodini. Fundi mzima, anamwachia mtoto nafasi ya kukua wakati madaktari wameshasema! Gauni lenyewe hakuliona tena, na hakuthubutu kuuliza.

Wageni walipoondoka, wifi alimfuata jikoni na mfuko wa plastiki. "Wifi, usinichukie."

"Nimeshaanza zamani," fundi alijibu. Lilimtoka hivyo hivyo.

Wifi akatoa gauni la njano. Fundi akageuza upindo, akasonya. "Nani kashona huu uchafu?" Mshono ulikwenda upogo, kwa uzi mweusi.

"Mimi. Alinilazimisha nifumue, aone umemwachia kiasi gani. Akapima kwa vidole: vinne. Akamwambia kila aliyeingia, 'Mama anajua nitakuwa mrefu. Mama ni fundi, hakosei.' Daktari aliambiwa, mfagizi aliambiwa. Mimi namlisha, namshika akitapika, yeye ni mama, mama, mama! Roho iliniuma, wifi. Nikasema kisa hiki sikitoi, kiwe changu."

Mwaka mzima! Fundi alitamani kumzaba kofi. Alitamani pia kusikia tena, neno kwa neno.

"Rudia," alisema.

Wifi akarudia. Fundi akachukua dirishani wembe wake wa kufumulia, kwa sababu mshono wa ovyo hakuwahi kuuacha upite mkononi mwake. Kwanza akapima upindo kwa vidole vyake mwenyewe. Viwili na nusu tu; vile vinne vilikuwa vidole vya Chiriku. Akaurudisha wembe dirishani.

"Wakija tena," alisema, gauni kalikumbatia kifuani, "hiki nasimulia mimi."

"Sawa," wifi alijibu, na fundi akaona jinsi ilivyomuuma.